Hakuna Anayelima

Rangi ya kijani ilimnyima Bonifasia raha. Wenzake wawili waliifurahia kama watu wanavyoifurahia mvua ya kwanza, lakini yeye kila alipoitazama alihisi kitu kimemkwama, mfano wa mwiba wa samaki usioonekana kooni na usioshuka kwa tonge la ugali.

Walikuwa kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi ya Mbinga, mvua ya Machi ikipiga bati juu yao. Edmund alikuwa amesukuma sahani pembeni na kuifungua kompyuta yake katikati ya meza. Ramani ilionyesha milima ya Umatengo upande wa juu, ufuko wa Ziwa Nyasa pale Ngumbo upande wa chini, na katikati mto Lukanda ukiteremka kama uzi uliofumuka. Pande zote mbili za mto, kule mlimani, kulikuwa na mabaka ya kijani.

"Mnaona?" alisema Edmund. "Kijani ni mashamba yaliyopumzishwa. Shamba likipumzika linaota majani, na majani yanashika udongo. Kwa hiyo tope linaloharibu mazalia ya samaki halitoki mlimani. Linatoka hukohuko chini, kwenye bustani za kingo za mto. Kwa haohao watu wa Ngumbo wanaolalamika kwamba samaki wamepungua."

"Kwa hiyo kesho mkutanoni tunawaambia nini?" aliuliza Hasna.

"Bustani zihame, na ghuba ifungwe msimu mzima mpaka samaki wazaliane."

"Utawaambia wewe. Mimi nitakaa karibu na mlango."

Wakacheka. Bonifasia naye akacheka kidogo, ili wasiwasi wake usionekane.

Chuo kikuu kilikuwa kimewachanganya kama makande. Somo lao liliitwa Uendelevu wa Dunia, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba hakuna kundi la watu wa fani moja. Edmund, mtoto wa Iringa, alitoka kwenye uhandisi wa maji. Hasna, ambaye kwao wana duka la vitenge Songea, alisomea viumbe wa majini, na aliweza kumtambua samaki kwa kumgusa tu gizani. Bonifasia alitoka kwenye sayansi ya jamii. Mwalimu wao, Dokta Aurelia, aliwaambia siku ya kwanza kwamba dunia haikuumbwa kwa idara. Mto hauulizi umeingia kwenye fani ya nani. Maneno hayo Bonifasia aliyapenda mno. Hakujua wakati ule kwamba mto wenyewe ungepita shambani kwao.

Aliweka kidole juu ya baka moja la kijani, dogo, karibu kabisa na chanzo cha Lukanda.

"Hapa ni kwa baba yangu."

"Hongera. Mmepumzisha," alisema Edmund.

"Baba yangu hajapumzika hata siku moja tangu nimjue."

Hasna akacheka. Edmund hakucheka. "Boni, usinitanie mchana huu. Ni wewe uliyeandika. Jibu umelileta mwenyewe: hakuna anayelima."

Ilikuwa kweli. Mahojiano yote ya mlimani aliyafanya yeye, kwa Kimatengo, kwa sababu wazee hufunguka zaidi kwa lugha ya jikoni. Aliuliza swali lilelile kila nyumba, barazani, bila kufika mashambani: katika shamba hili, nani analima? Wengi walijibu "mke wangu" au "binti zangu." Wachache walijibu "hakuna anayelima." Majibu aliyatia katika Kiswahili, Edmund akayatia katika tarakimu, na tarakimu zikageuka rangi. Jibu la baba yake, ambaye siku za mahojiano hakumkuta nyumbani, alilipata kwa simu, wakati wa mitihani. "Hakuna anayelima, mwanangu," mzee alisema, na Bonifasia akamkumbuka mama yake, aliyezikwa miaka miwili nyuma. Alidhani amesikia huzuni. Hakuuliza la pili. Aliandika alichosikia, akarudi kwenye madaftari yake.

"Nitakwenda nyumbani leo," alisema sasa. "Kesho asubuhi mnipitie njia panda."

Edmund aliifunga kompyuta taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameifanyia kazi ramani ile kwa wiki nyingi, na kila alipomwonyesha mtu alijikuta akishika pumzi. "Nenda kamsalimie mzee. Lakini kesho Dokta anakuja, na watu wa wilaya wanakuja. Tafadhali, usirudi na habari mpya."

* * *

Bodaboda ilimpandisha mpaka ilipoanza kuteleza, kisha akatembea. Mzee Pankras alikuwa barazani akichambua maharage ya mbegu kwenye ungo. Alimwona binti yake, akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona bila taarifa? Chuo kimewafukuza?"

"Bado."

"Bado!" Mzee akacheka. "Basi kaa ule kabla hawajakufukuza. Kuna ugali wa mchana na mboga ya maboga. Nimepika mwenyewe, kwa hiyo usitegemee mengi."

Alikula. Mboga ilikuwa na chumvi nyingi, kama ya mtu anayesahau kwamba ameshatia. Alitaka kuuliza mara moja lakini aliogopa, kwa hiyo aliuliza habari za jirani, za kahawa, za padre mpya, na mzee akamjibu yote bila haraka. Mwishowe akasema, "Baba, nataka kuliona shamba."

"Shamba limekuwa picha?"

"Nataka tu."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akachukua kofia.

Ukoo wao ulikuwa na ntambo yake, yaani mgongo mmoja wa mlima na miteremko yake mpaka kijitoni, na sehemu ya Mzee Pankras ilikuwa ile inayotazama machweo. Bonifasia aliijua kwa nyayo. Tangu utotoni aliiona imejaa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangana mteremko mzima kama vyumba vya sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila shimo lilikunywa fungu lake na kulituliza tope lake. Hakuna maji yaliyoshuka mbio kwenye ngoro.

Sasa hapakuwa na shimo hata moja. Palikuwa na matuta marefu, yaliyonyooka kutoka juu mpaka chini kijitoni, kama alama za kucha mgongoni. Katikati ya kila matuta mawili maji ya mvua ya mchana yalikuwa bado yanakimbia. Yalikuwa mazito, ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Kijito chini kiliyapokea na kuyapeleka kwenye Lukanda, na Lukanda ungeyapeleka Ngumbo.

Mwiba wa kooni ukajulikana ulipo.

"Baba," alisema, na sauti ilitoka ndogo. "Ulipokea simu yangu. Nilikuuliza nani analima. Ukasema hakuna."

"Ndiyo."

"Na hii ni nini?"

"Hii?" Mzee aliyatazama matuta yake kama mtu anayeonyeshwa nguo yake iliyochanika mgongoni. "Hii siyo kulima, Boni. Wewe umesahau kwenu? Mwanaume anafyeka majani. Anayapanga miraba. Kazi yake imekwisha, anakaa pembeni. Anayelima ni mwanamke: anachimba udongo katikati, anafunika majani, shimo linabaki. Ndivyo ngoro inavyozaliwa. Mama yako alikuwa analima. Ungekuwepo, ungelima wewe. Mimi hapa nakwangua tu nisife njaa."

"Kwa nini usichimbe mwenyewe?"

"Mwaka ule wa kwanza nilijaribu. Nilifyeka, nikapanga majani vizuri, mama yako angeyasifu. Nikachukua jembe. Nimechimba mashimo ya safu moja, jirani yetu Bernadi akapita na wenzake kule juu. Akaniita: 'Pankras! Umeolewa na nani?'" Mzee alitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. "Walicheka mpaka kanisani Jumapili. Nikaacha. Majani yakaozea pale pale kwenye miraba yake. Kwa mtu mmoja, matuta ya kushuka ndiyo rahisi. Maji yanapita, hayabomoi."

"Yanapita kwenda wapi, baba?"

"Chini," alisema mzee, kama mtu aliyeulizwa jua huzama wapi.

Bonifasia alisimama akihesabu kichwani bila kutaka. Bernadi mwenyewe, aliyecheka, mkewe alikufa mwaka jana na binti zake wameolewa Songea. Naye alipoulizwa alijibu "hakuna anayelima." Na yule mzee wa kilima cha pili, ambaye wanawe wa kike wako sekondari ya bweni. Na wagane wale wawili wa karibu na zahanati. Aliwaona mmoja mmoja, na nyuma ya kila mmoja aliona mteremko uliokwanguliwa. Kijani chote cha Edmund kilikuwa watu hawa. Shamba lililoandikwa kuwa limelala ndilo lililokuwa linavuja kuliko yote, kwa sababu ya neno moja ambalo katika kundi lao lote ni yeye peke yake aliyeweza kulielewa.

Wakati wa kurudi alimweleza baba yake yote. Alimweleza habari za viota vya samaki aina ya magege kwenye mchanga wa Ngumbo, namna tope linavyovifunika na mayai yanavyokufa. Alimweleza mkutano wa kesho, ghuba itakayofungwa, bustani zitakazohamishwa.

Mzee alitembea mbele yake mpaka walipofika uani.

"Ukiwaambia kwamba tope linatoka kwetu," aliuliza, "kitafuata nini?"

"Sijui, baba. Wanaweza kuweka sheria. Wakakataza kulima kwenye miteremko."

"Sasa huko kwetu kuna pasipo mteremko?"

Bonifasia aliitazama milima iliyouzunguka ua.

"Na usipowaambia?"

"Watafunga ghuba. Watakaa bila kuvua msimu mzima, na tope litaendelea kuja."

"Na wewe?"

"Nikisema, kosa ni langu. Ripoti itakataliwa. Labda nitarudia mwaka. Labda na wenzangu."

"Na usiposema, nani atajua?"

"Hakuna," alisema Bonifasia. "Kundini hakuna mwingine anayejua Kimatengo."

Mzee Pankras alitikisa kichwa polepole. Bonifasia alingoja aambiwe la kufanya, maana alikuwa amechoka na alitamani sana kuambiwa. Lakini mzee alisema tu kwamba mbuzi hawajafungwa, akaenda kuwafunga.

Asubuhi alimsindikiza mpaka njia panda, amembebea mkoba. Walizungumza habari ya barabara kuharibika. Gari la chuo lilipotokea alimpa mkoba, akamshika begani mara moja, akageuka.

* * *

Bonifasia aliwaambia wenzake yote mara tu gari lilipoanza kuteremka. Alijua kwamba akingoja kona ya pili hatasema.

Edmund alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Tope la mlimani ni asilimia ngapi?"

"Sijui."

"Basi huwezi kulisema. Mtu hasemi asichokijua."

"Na hilo la kwanza tulikuwa tunalijua?"

Dereva alijifanya kutazama barabara tu. Hasna aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. "Magege hawaulizi tope limetoka kwa nani," alisema. "Lakini mimi nitawaambia watu wakae bila kitoweo kwa ajili ya nini, kama mwakani tope ni lilelile?"

"Tutarekebisha kwenye ripoti ya mwisho," alisema Edmund. "Leo ni rasimu tu."

"Edmund, watu watafunga ghuba kweli. Hawataifunga kwa rasimu," alisema Bonifasia.

Edmund akamgeukia. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimwumiza Bonifasia zaidi. "Mwaka jana kundi langu lilivunjika, nikarudia. Nyumbani wanadhani nimemaliza. Unanielewa? Sijawaambia. Na wewe unaniomba nisimame mbele ya Dokta niseme ramani yangu ni uongo, kwa ajili ya neno 'kulima'."

"Siombi usimame. Nitasimama mimi."

"Ni kitu kimoja," alisema Edmund, akageukia dirisha mpaka ziwa lilipoonekana chini yao, pana na jeupe. Pale mto Lukanda ulipoingia palikuwa na ulimi wa rangi ya kahawia, ambao tangu utotoni mwake Bonifasia hakuwahi kuuona ukiwa mrefu hivyo.

Alikuwa ametumaini kumpata Dokta Aurelia pembeni kabla ya mkutano. Lakini Dokta alitokea Mbamba Bay pamoja na watu wa wilaya, akafika wakati madawati ya darasa la shule ya Ngumbo yameshajaa na watu wamesimama madirishani. Alimpungia mkono tu kwa mbali.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi aliyeitwa Adrian, alifungua kikao. "Wageni wetu wa chuo wamekuja na majibu," alisema. "Sisi tuna maswali. Kwa hiyo tunatosheana." Watu wakacheka, lakini si kwa raha. Mbele kabisa alikaa mwanamke mnene aliyejifunga kanga mbili, Mama Albina, kiongozi wa wanawake wanaokausha usipa, dagaa wa ziwa hilo, kwenye chanja za ufukoni. Mkononi alikuwa na tawi la kufukuzia nzi na alilishika kama rungu.

Edmund alionyesha ramani yake ukutani. Alieleza kwa sauti iliyonyooka, bila kumtazama Bonifasia. Alipofika kwenye bustani za kingo za mto, minong'ono ikapanda.

"Kwa hiyo mwenye njaa ndiye mwenye kosa!" mtu alisema dirishani.

"Acheni amalize," alisema Mwenyekiti. "Mkimkatiza ataanza upya, na mimi nina kazi."

Edmund akamaliza. Akashusha pumzi. "Sasa mwenzangu Bonifasia atafafanua kabla hamjapiga kura ya kufunga ghuba."

Akakaa, na alipokuwa anakaa akamtazama mara moja. Bonifasia hakuweza kusoma kilichokuwa kwenye macho yale. Alisimama. Alikuwa amejiandalia hotuba njiani, lakini sasa haikuwepo. Alichokiona mbele yake ni lile tawi la kufukuzia nzi.

"Mama," alisema, "samahani. Shikamoo."

"Marahaba," alisema Mama Albina, macho yakiwa makali.

"Ningekuja nyumbani kwako nikakuuliza, hapa nani anavua, ungenijibu nini?"

"Ningekujibu mume wangu, na mume wangu alishakufa. Kwa hiyo ningekujibu hakuna anayevua."

"Na wewe je?"

"Mimi sivui. Nakausha."

"Unapata wapi cha kukausha?"

"Nanunua mtumbwini. Na usiku wa mwezi tunakokota wavu ufukoni na wenzangu." Akasita. Nyuma yake mwanamke mwingine akaangua kicheko. "Unacheka nini wewe? Kukokota siyo kuvua! Kuvua ni mwanaume na mtumbwi."

Darasa zima likacheka sasa, na watu wa dirishani wakaanza kubishana kama kukokota ni kuvua au si kuvua. Bonifasia alingoja.

"Basi ningeandika kwamba nyumbani kwako hakuna anayevua," alisema. "Na mtu mwingine angesoma, akasema nyumba hii haichukui kitu ziwani. Ndivyo nilivyofanya mlimani. Kwetu kulima ni kazi ya mwanamke. Nimeuliza nani analima, wanaume walio peke yao wakanijibu hakuna. Wanalima, ila wenyewe hawaiti hivyo kulima. Wamepiga matuta ya kushuka, na udongo wao unakuja huku. Yale mabaka ya kijani si mashamba yaliyopumzika. Kosa si la Edmund. Yeye alichora nilichompa."

Nje mtoto alisikika akiita kuku.

"Unasema tope ni la Wamatengo," alisema mtu wa dirishani, akipima kila neno.

"Sehemu yake. Kiasi gani, sijui bado. Bustani zenu nazo zina fungu lao. Lakini siwezi kukaa kimya mkapiga kura juu ya rangi ile."

"Na hao wanaokwangua ni akina nani?"

Hapo ndipo alipopaogopa tangu jana. Alifikiria kusema "baadhi ya wananchi." Maneno yalikuwa tayari, mepesi, ya chuo kabisa.

"Wa kwanza ni baba yangu," alisema. "Anaitwa Pankras."

Ilikuwa kama amemwaga ndoo. Watu walisema wote kwa pamoja. Kijana mmoja alipiga kelele kwamba miaka yote wananyweshwa maji ya kuogea ya watu wa mlimani. Mtu wa wilaya aliandika kitu haraka, na kumwona akiandika kulimtia Bonifasia baridi. Mama Albina peke yake hakusema neno. Alikuwa anamkagua Bonifasia kama anavyokagua usipa, kujua kama umekauka mpaka ndani.

"Baba yako yuko peke yake?" aliuliza mwishowe, na wengine wakanyamaza kumsikiliza.

"Yuko peke yake."

"Na wewe uko chuo."

"Niko chuo."

"Unasoma nini huko?"

Bonifasia alifungua kinywa. "Uendelevu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Angependa wacheke.

Mwenyekiti Adrian alisimama, akasema kura haipigwi leo, na kwamba mwenye haraka ya kura akalale nayo kwake. Watu wakatoka kwa makundi, wakibishana.

* * *

Dokta Aurelia alimkuta nje ya darasa. "Ripoti hii siwezi kuipokea," alisema. "Na iliyosahihishwa bado sijaiona. Sitakudanganya, Bonifasia: mpaka mpite tena nyumba zote na kuuliza upya, sijui kama mtawahi kabla bodi haijakaa."

"Ndiyo, Dokta."

"Ungeniambia mapema."

"Nimejua jana."

Dokta alimtazama muda kidogo, akaonekana anataka kuongeza neno, kisha watu wa wilaya wakamwita.

Edmund alikuwa amekaa kwenye ngazi za darasa, kompyuta imefungwa magotini. Bonifasia alikaa ngazi ya chini yake.

"Swali unaliandika upya wewe," alisema Edmund, akitazama mbele. "Mimi siligusi tena neno 'kulima' maishani mwangu." Akainuka, akaenda kwenye gari. Bonifasia hakujua kama huo ulikuwa msamaha au mlango unaofungwa.

Simu yake iliita. Baba.

"Kikao kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Umetaja jina langu?"

"Nimelitaja, baba."

Upande wa pili alisikia mvua ikipiga bati, kwa nguvu, muda mrefu.

"Na la Bernadi?"

"Hapana."

"Afadhali. Bernadi angeugua." Bonifasia alibana simu sikioni kwa mikono miwili. "Nilikuwa nimeshaanza kufyeka kipande cha pembeni, kule kijitoni," alisema mzee. "Sikukuonyesha jana kwa sababu ulikuwa unatazama matuta tu. Majani yamelala. Nimeyapanga miraba."

"Nani atalima?"

"Sijui," alisema mzee. "Huku mvua ni kubwa sana. Kama uko karibu na mto, jitoe."

Simu ikakatika. Alikuwa karibu na mto. Aliteremka mpaka ukingoni, pale Lukanda unapokutana na mchanga, na akamkuta Mama Albina amesimama peke yake na tawi lake, anatazama juu milimani, ambako wingu lilikuwa limekaa zito na jeusi. Walisimama bega kwa bega bila kusalimiana. Maji mbele yao yalikuwa bado na nafuu kidogo. Chini ya maji hayo ungeweza kuona mawe.

Kisha kwenye kona ya juu mto ukabadilika. Rangi ilikuja kwanza, halafu sauti. Ikaja na majani, na vijiti, na tope jekundu, mpaka mawe yakapotea moja baada ya jingine. Ilipita miguuni mwao na kuingia ziwani.

"Huyo baba yako amefika," alisema Mama Albina.

Bonifasia aliendelea kutazama pale mawe yalipopotea.

Mama Albina aliinama kidogo kuelekea maji, kama mtu anayepokea mgeni mlangoni. "Shikamoo, Mzee Pankras," alisema kwa sauti kubwa. "Karibu ziwani. Tunakufahamu sasa."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye chanja walicheka. Bonifasia hakujua kama walikuwa wanamcheka yeye, au mzee, au mto. Mama Albina bado alikuwa anamtazama, anangoja, na salamu haiachwi hewani.

"Marahaba," alisema Bonifasia, kwa niaba ya baba yake.